Vidonge Sita vya Sajenti

Mtuhumiwa alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mlalamikaji alikuwa sebuleni analia kwa utaratibu. Mwathirika mwenyewe alikuwa amelala barazani juu ya mkeka, kidevu kwenye miguu ya mbele, akiwatazama askari wawili waliokuwa wanapanda ngazi kama anayehesabu makosa yao ya gwaride.

"Mpigie saluti," Inspekta alimwambia Koplo.

"Afande?"

"Huyu amestaafu na cheo cha sajenti. Wewe ni koplo. Mpigie saluti."

Koplo, dada mwembamba aliyehamishiwa upelelezi mwezi uliopita, alimwangalia mkuu wake aone kama anataniwa. Hakuona dalili yoyote. Akabana visigino, akapiga saluti. Mbwa akainua sikio moja, akalishusha.

Sajenti alitumika miaka tisa katika kikosi cha mbwa, na askari aliyemwongoza muda wote huo alikuwa marehemu mwenye nyumba ile. Mwenye nyumba alipofariki, mbwa alistaafishwa mwezi uleule, akaja kukaa na mjane. Watu wa mtaani walimwita mjane huyo Mama Sajenti. Mwanawe wa pekee, ambaye alizaliwa miaka mingi kabla ya mbwa, alikuwa na maoni yake kuhusu jina hilo, lakini aliyaweka moyoni.

Asubuhi hiyo ya Jumatano Mama Sajenti alimpigia simu Mkuu wa Kituo kumwambia kwamba Sajenti analishwa sumu ndani ya nyumba, na anayemlisha ni mkwe wake, mke wa mwanawe. Mkuu hakucheka. Aliwahi kung'atwa na mbwa yule kazini, kwa bahati mbaya, na tangu siku hiyo walikuwa wakiheshimiana. Akamwita Inspekta, mtu aliyekwisha kupeleleza mauaji matatu na wizi wa transfoma, akamwambia aende na daftari lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Si hapo, hapo ni pa Sajenti."

Inspekta alihamia kiti kingine, akafungua daftari. Alikuwa na desturi ya kumrudisha kila shahidi mwanzo kabisa, hata shahidi awe na haraka kiasi gani.

"Tuanze siku mbwa alipokuwa mzima."

"Hakuwa mzima. Nyonga zilikuwa zinamsumbua, uzee huo. Kuinuka tu alikuwa anaguna kama mtu. Daktari wa mifugo akamwandikia dawa ya maumivu, nikaanza kumpa Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku za mwanzo alifufuka, Inspekta. Alikula mpaka akalamba sakafu. Halafu ghafla, basi. Nampikia nyama laini, anaipa kisogo. Anaangalia bakuli kama limemtukana."

"Ghafla lini?"

"Ijumaa."

"Alhamisi alikula?"

"Alimaliza na kuomba nyingine. Ijumaa asubuhi akanusa, akaondoka zake. Mpaka leo."

Inspekta aliandika Ijumaa, akaipigia mstari. "Na mkwe wako anaingiaje hapo?"

Mama Sajenti alisogeza kiti karibu, akashusha sauti, ingawa si sana, maana jikoni palikuwa hatua nne tu na alitaka asikike.

"Anafanya kazi duka la dawa. Kutwa nzima anashinda na makemikali. Na hajawahi kumpenda Sajenti. Siku ya kwanza kuingia humu ndani alipiga chafya mara saba. Jumapili nimemwona kwa macho yangu haya mawili, kupitia dirisha lile pale. Anapasua kipakiti, anamimina unga mweupe kwenye maji ya mbwa. Aliponiona akaficha mkono nyuma."

"Ulimwuliza?"

"Nimwulize ili aniongopee? Nimeita ukoo. Jumamosi saa nne wako hapa, shemeji zangu wote. Atajieleza mbele yao, halafu arudi kwao."

"Mwanao anasemaje?"

"Anasema, 'Mama, tulia.' Ana miaka thelathini na miwili na hilo ndilo neno analolijua."

Inspekta aliomba kuiona dawa. Ilikuwa juu ya friji, kichupa cha plastiki chenye karatasi iliyobandikwa: vidonge ishirini, kimoja kwa siku, baada ya chakula. Akavimimina kwenye kisosi, akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Akavihesabu tena. Akamsogezea Koplo kisosi, naye akahesabu.

"Vinne," alisema Koplo.

"Mama, huwa unampa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, hata leo nimempa. Kabla hajatia kitu mdomoni."

"Karatasi inasema baada ya chakula."

"Nimeiona. Mume wangu alimeza dawa zake tumbo tupu miaka kumi."

"Na zilimsaidiaje?" Koplo aliuliza.

"Alikufa," alisema Mama Sajenti. "Lakini ilikuwa ajali ya pikipiki."

Inspekta alijifanya anatafuta ukurasa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hadi leo zilikuwa asubuhi kumi. Ukitoa kumi katika ishirini, kwenye kisosi vingetakiwa kuwa kumi. Vidonge sita vilikuwa vimetoka bila ya Mama Sajenti kujua. Hakumwambia. Alivirudisha chupani, akaitia chupa mfukoni, akaenda barazani kumwona mwathirika.

Alichuchumaa kwa tahadhari. Sajenti alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, na kila baada ya muda mfupi alilamba midomo na kumeza mate, mara tatu nne mfululizo, ingawa hakuna chochote alichokuwa amekula. Inspekta aliliandika hilo. Kisha akaona jambo jingine. Sakafu yote ya baraza ilikuwa na vumbi la kawaida la nyumba yenye watu, isipokuwa pembe moja nyuma ya chungu cha maua. Pale palisuguliwa mpaka saruji ikawa nyeupe, na palinuka dawa ya kufanyia usafi.

"Koplo, unaona nini pale?"

"Usafi, afande."

"Usafi wa pembe moja tu. Mtu msafi husafisha baraza zima. Anayesafisha pembe moja ana anachokifuta."

Jikoni, mkwe alikuwa amemaliza vyombo na amesimama ameegemea sinki, mikono imekunjwa. Alikuwa mwanamke mtulivu wa miaka kama ishirini na saba. Karibu na mlango wa nyuma palikuwa na sanduku lililokwisha kufungwa mkanda.

"Unasafiri?" Inspekta aliuliza.

"Sijui, afande. Nasubiri Jumamosi niambiwe."

"Kipakiti cheupe kilikuwa na nini?"

Alifungua mkoba wake, akatoa vipakiti viwili, akaviweka mezani. Akachukua kimoja, akakipasua, akakimimina kwenye glasi ya maji, akakoroga, akanywa yote huku Koplo amemtolea macho. Akafuta mdomo.

"Chumvi na sukari," alisema. "Ile wanayopewa watoto wanaoharisha, wasiishiwe maji mwilini. Tunauza dukani kila siku."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna. Kipakiti kimoja kimebaki, ukitaka nikinywe pia nitakinywa."

"Sitaki. Kwa nini mbwa aishiwe maji?"

Mkwe aliangalia mlango wa sebuleni.

"Pembe ile nyuma ya maua," Inspekta alimsaidia. "Unaisafisha wewe."

"Anatapika," alisema mkwe, sauti ya chini. "Mama akishampa dawa hurudi chumbani kusikiliza taarifa ya habari. Kabla taarifa haijaisha, Sajenti ameshaenda pale nyuma ya maua ametapika. Ana aibu kama binadamu, anajificha. Mimi nasafisha haraka kisha naenda kazini."

"Kwa nini humwambii mama mkwe wako?"

"Nimwambie nini? Mbwa wake anatapika, wa kwanza kumwona ni mimi, na mimi kazi yangu ni kuuza dawa. Wewe ungeniamini, afande?"

Inspekta alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo alifungua ukurasa mpya.

"Chupa ya dawa umeigusa?"

"Hata kuipumulia naogopa."

"Alhamisi iliyopita kulitokea nini humu ndani? Chochote kile."

Alifikiri. "Hakuna cha maana. Mume wangu alirudi kutoka safari ya kikazi, jioni. Alikuwa ameondoka wiki mbili."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alimwangalia Koplo. Koplo alikuwa tayari anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na vidole vilipofika sita akaacha.

Mume alikuwa fundi wa lifti. Walimkuta katika jengo la ghorofa saba, na kwa kuwa lifti ndiyo aliyokuwa anaitengeneza, walipanda kwa miguu. Kufika ghorofa ya nne Inspekta alikuwa anahema kwa mdomo. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili, mlango wake umefunguliwa kwa nguvu, na kupitia uwazi uliobaki kilionekana kichwa cha fundi, usawa wa viatu vyao.

Inspekta aliketi sakafuni ili wazungumze uso kwa uso, na pia kwa sababu miguu ilikuwa imegoma.

"Umekuja kuhusu mke wangu," kilisema kichwa. "Afande, mke wangu hawezi kuua hata mende. Mimi ndiye ninayeua mende."

"Nimekuja kuhusu vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vidonge sita. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, jana. Jioni sita tangu urudi."

Spana ilimponyoka fundi mkononi. Waliisikia ikigonga ukuta mmoja, ikagonga wa pili, halafu baada ya muda mrefu ikatua chini kabisa.

"Hiyo ni ya kazini," alisema fundi kwa huzuni.

"Vidonge."

"Nilimpa mimi. Kwani ni kosa? Si dawa yake?" Alijifuta jasho, akajipaka grisi usoni. "Mama anasahau siku hizi, afande. Aliweka funguo kwenye friji. Ameniita kwa jina la baba mara mbili. Alhamisi nilipofika nikaiona chupa juu ya friji, nikamwuliza, 'Mama, Sajenti amepewa dawa?' Akaniambia, 'Dawa gani?' Nikajua basi, ameshasahau. Nikampa mwenyewe. Kila jioni namfichia kidonge kwenye kipande cha soseji, pale getini. Tangu juzi soseji anaikataa, inabidi nimsukumie kooni kwa kidole."

"Na hukumwambia mama yako."

"Nimwambieje? Nimwambie, 'Mama, akili zako zinapungua'? Yule si mtu wa kuambiwa hivyo. Nikaona nimsaidie kimyakimya."

"Alhamisi jioni ulipomwuliza, alikuwa anafanya nini?"

Fundi alikumbuka. "Alikuwa anaangalia mchezo wa kuigiza kwenye televisheni. Ule wa mapacha."

"Hata mimi ukiniuliza jambo wakati wa mapacha nitakujibu hivyohivyo," alisema Koplo.

"Mama yako hasahau," Inspekta alisema. "Anampa kila asubuhi saa kumi na mbili. Huyo mbwa anakula dozi mbili kwa siku, zote kwenye tumbo tupu, na mkeo anangoja kufukuzwa."

"Nilimwambia mama atulie."

"Neno hilo nimeshalisikia. Toka humo, tunampeleka mbwa kwa daktari."

"Siwezi kutoka mpaka niitengeneze, afande. Uwazi hautoshi mabega."

Aliitengeneza kwa dakika kumi na moja. Koplo alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mtuhumiwa akijitahidi kiasi kile ili akamatwe.

Chumba cha daktari wa mifugo kilikuwa kidogo, meza ya bati katikati na mizani ukutani, na mchana ule kiliwabeba watu sita na mbwa mmoja. Fundi ndiye aliyembeba Sajenti mikononi kutoka kwenye gari, na mbwa, ambaye zamani aliwahi kumwangusha jambazi mwenye panga, alilaza kichwa begani kwake kama mtoto anayepelekwa kitandani. Mama Sajenti alikuwa bado hajaambiwa lolote. Alisimama upande mmoja wa meza, mkwe upande wa pili, wakiepushana macho.

Daktari, bwana mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifunua mdomo wa mbwa akaangalia fizi, akambonyeza tumbo. Sajenti aliguna.

"Choo chake kikoje?"

"Jana kilikuwa cheusi kama lami," alisema mkwe.

Mama Sajenti aligeuka. "Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayekizoa, Mama."

Daktari alivua miwani. Inspekta alimpa kichupa, akamsomea kutoka kwenye daftari: kidonge kimoja kila asubuhi kwa asubuhi kumi, kabla ya chakula, na kidonge kingine kila jioni kwa jioni sita, kwenye tumbo lisilo na kitu. Alisoma kwa sauti ileile anayosomea mahakamani. Alipofika kwenye jioni, fundi aliangalia viatu vyake.

"Lakini daktari," Koplo aliuliza, "dawa ya maumivu si ndiyo ingemrudishia hamu ya kula?"

"Na ilimrudishia. Mnyama mwenye maumivu hali vizuri. Ukimpunguzia maumivu, anakula. Ndiyo maana siku zile za mwanzo alilamba sakafu. Lakini dawa hiihii ikizidi kipimo, au ikikuta tumbo tupu kila siku, inachubua tumbo kwa ndani. Linapata kidonda, na damu yake ndiyo inayofanya choo kiwe cheusi. Mbwa anapata kichefuchefu, analamba midomo, anameza mate, anasusa chakula. Kususa ndiyo kengele ya kwanza. Ukiisikia, unasimamisha dawa na kunipigia simu. Humwongezi nyingine."

"Sisi tulimwongeza," alisema fundi.

Mama Sajenti aliangalia kichupa, akamwangalia mwanawe, akaangalia kichupa tena. Inspekta alikuwa amewaona wauaji wakisomewa hukumu, na hakuwahi kuona uso ukishuka taratibu namna ile.

"Kwa hiyo aliyekuwa anampa sumu ni mimi."

"Hakuna sumu, Mama."

"Nakuuliza, Inspekta. Ni mimi?"

"Ni nyinyi wawili," alisema Inspekta, ambaye hakupenda hesabu za jumla. "Kumi ni vyako. Sita ni vyake."

"Na wewe kwa nini ulimpa?" Mama Sajenti alimgeukia mwanawe.

Fundi aligeukia mizani ya ukutani kana kwamba jibu limeandikwa pale. Aliyemwokoa ni mkwe.

"Alidhani umechoka, Mama," alisema. "Alitaka upumzike."

Inspekta aliinua kalamu aandike kwamba hiyo si kauli iliyotolewa ghorofani, akabadili mawazo, akaishusha.

Daktari alikuwa amekwisha kumtundikia mbwa dripu. "Nitakaa naye siku mbili. Nitampa ya kutuliza tumbo, na hizi za maumivu tunaziacha kabisa. Akipona tutajaribu aina nyingine, kidogo, baada ya chakula, na mpaji awe mtu mmoja." Alimvuta ngozi ya shingo, akaiachia, ikarudi mahali pake. "Kitu kimoja sikielewi. Mbwa aliyetapika siku tano na hali, alitakiwa awe amekauka. Figo zingekuwa zimeshachoka na tusingekuwa tunazungumza. Huyu maji anayo. Nani alikuwa anamnywesha?"

Mkwe aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

"Chumvi na sukari," alisema. "Kwenye maji yake."

Mama Sajenti alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akatoka nje kusimama uani. Baada ya kitambo mkwe alimfuata. Koplo, aliyekuwa karibu na dirisha, aliripoti kwamba wamesimama hatua mbili mbali na kila mmoja, wanaangalia ukuta uleule.

"Wanaongea?"

"Hapana, afande. Lakini mama ameshika mkoba wa mkwe."

"Andika hivyo."

Jumamosi saa nne Inspekta alikwenda kufunga jalada. Sebule ilikuwa imejaa shemeji wa Mama Sajenti, wazee watano wenye kofia na fimbo, na kila mmoja alikuwa amepewa chai na mkate wenye siagi. Kikao hakikuwa kimeahirishwa. Mama Sajenti alikataa.

"Niliwaita kuja kumtoa mtu humu ndani," alisema akiwa amesimama, kanga ameikaza kiunoni. "Nilimsingizia. Aliyemwumiza mbwa ni mimi na mwanangu, kwa ujinga wetu, na aliyemwokoa ni huyu hapa. Ningeweza kuwapigia simu msije. Lakini nilimtuhumu kwa sauti kubwa, siwezi kumwomba radhi kwa kunong'ona." Akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, nisamehe."

Mkwe alisema yamekwisha. Fundi alimshika mkono. Koplo alijishughulisha na kitufe cha sare yake.

Mzee mkubwa wa ukoo, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka tangu zamani, hakuwa amesikia hata neno moja. Aliona tu kwamba wengine wamenyamaza, akaelewa kuwa zamu yake imefika. Akasimama kwa fimbo yake, akakohoa, akaanza hotuba aliyoiandaa wiki nzima kuhusu watu wanaoingia kwenye nyumba za wenzao na kudhuru viumbe visivyoweza kujitetea. Wadogo zake walimvuta koti. Hakujali.

Alikuwa amefika kwenye sehemu ya huruma, mkono mmoja umeinuliwa juu, Sajenti alipotoka barazani. Alitembea polepole, nyonga zikiyumba, akapita katikati ya miguu ya wazee mpaka kwenye kiti cha mzungumzaji. Akanusa kisahani mzee alichokuwa amekiacha pale. Akauchukua mkate wenye siagi kwa adabu, akautafuna na kuumeza, akalamba kisahani chote mpaka kikazunguka.

Mzee alisita. Alimtazama mbwa, akatazama kisahani, kisha akamtazama Mama Sajenti, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Shemeji," alisema mzee, "si mliniambia huyu hali?"